Maziwa ya paipai: dawa, biashara na hatari

Hapa kwetu Bengamisa, watu wengi wanadhani mpaipai ni mti wa mababu. Hapana, ni mgeni. Ulitoka Amerika ya Kati, na ni Wahispania na Wareno waliousambaza duniani baada ya mwaka 1500.

Lakini mama zetu waliujua upesi. Nyama ya pori ikiwa ngumu, wanaifunga ndani ya majani ya paipai, ama wanatia kipande cha tunda bichi ndani ya sufuria, na nyama inalainika. Kinachofanya kazi hiyo ni yale maziwa meupe. Mwaka 1879, kule Ufaransa, Wurtz na Bouchut walitoa ndani yake kitu wakakiita papaini. Ni enzimi: inakatakata protini, sawa vile tumbo letu linavyofanya. Ndiyo maana waganga wa Ulaya waliwapa wagonjwa wenye chakula kisichosagika tumboni, na viwanda vikaitumia kusafisha bia na kulainisha nyama.

Nchi yetu pia iliingia katika biashara hiyo. Upande wa Beni, katika Kivu, watu walikuwa wakichanja matunda mabichi asubuhi, wanakinga maziwa, wanayakausha, kisha yanauzwa ng'ambo. Wakati wa Zaire, nchi ilikuwa kati ya wauzaji wakubwa wa papaini duniani.

Basi, tusisahau jambo moja: maziwa hayo hayachagui nyama. Yanaunguza ngozi na macho ya mvunaji. Unga wake ukivutwa puani unaweza kuleta pumu. Mwaka 2008 serikali ya Marekani iliamuru dawa za kupaka zenye papaini ziondolewe sokoni, kwani wagonjwa wengine walipata mzio mkali. Majaribio ya mwaka 2002 yalionyesha kwamba maziwa ya paipai bichi yanakaza tumbo la uzazi la panya. Mama mwenye mimba aepuke paipai bichi.

Na mtoto mwenye minyoo? Wazazi wengine wanamnywesha maziwa hayo. Lakini nani alipima kipimo? Mti mmoja unatoa makali, mwingine hafifu. Dawa ya minyoo kama mebendazoli ina kipimo kinachojulikana. Tumpeleke mtoto kwa munganga.

Kwa hiyo tusiutupe urithi wa jikoni. Paipai bivu tule, na nyama tulainishe, tena tuipike vizuri, kwani moto unaua nguvu ya enzimi. Ila maziwa mabichi tusiyaite dawa ya kunywa.