Barua za Katibu wa Elimu, na Swali la Biblia Darasani



Juma hili tunawaalika mfuatane nasi hadi mjini Boston, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani (jimbo la kiserikali, si la kikanisa). Huko, katika hifadhi ya Chama cha Historia cha Massachusetts, zimetunzwa barua za Horace Mann, katibu wa kwanza wa Baraza la Elimu la jimbo hilo tangu mwaka 1837 hadi 1848.

Asikiaye neno “katibu” humdhania mtu wa mihuri na majalada. Mann alikuwa mwanasheria, tena Rais wa Seneti ya jimbo lake, naye akayaacha hayo kwa mshahara wa dola 1,500 kwa mwaka. Baraza lenyewe halikuwa na meno. Halikuweza kumfukuza mwalimu wala kuuamuru mji wowote ujenge darasa. Sheria ililipa kazi ya kukusanya habari za shule na kuzieneza, basi. Kwa hiyo silaha ya katibu ilikuwa kalamu. Aliziandikia kamati za shule akiuliza habari za majengo, mahudhurio, vitabu na walimu, na kutokana na majibu hayo akatunga taarifa 12 za mwaka. Sisi tunaosubiri taarifa za vigango kila mwisho wa mwaka tunaweza kumwonea huruma. Mwaka 1840 wabunge wengine walitaka kulifuta Baraza lote. Hoja yao ikashindwa kwa kura 245 dhidi ya 182.

Lakini barua zinazotugusa zaidi ni zile za mwaka 1838, alipoandikiana na Frederick Packard wa Umoja wa Shule za Jumapili wa Marekani. Packard alitaka vitabu vya umoja wake viingie katika maktaba za shule za umma, akauliza habari za kitabu kimoja cha mchungaji John Abbott kiitwacho The Child at Home. Mann alikikataa. Sheria ya jimbo ya mwaka 1827 ilikataza vitabu vinavyopendelea dhehebu fulani, naye aliona kitabu hicho kinamtishia mtoto adhabu ya milele kwa makosa madogo ya kitoto. Packard hakuridhika. Ubishi ukatoka barua za faragha ukaingia magazetini, na Mann akapakwa jina la adui wa dini.

Kwa nini jambo hilo lilimchoma hivyo? Mwaka 1810, Horace akiwa kijana wa miaka 14, kaka yake Stephen alizama majini siku ya Jumapili, akiwa amekwepa ibada. Mchungaji wa mji wao wa Franklin, Nathanael Emmons, hakumfariji mama mfiwa. Alitumia kifo hicho kuwaonya vijana juu ya wale wafao bila kuongoka. Nasi tuhubirio mazishini tuna budi kuisoma habari hiyo taratibu.

Hata hivyo, Mann hakuiondoa dini shuleni. Njia yake ilikuwa kwamba Biblia isomwe darasani bila maelezo ya mwalimu, ijisemee yenyewe. Aliamini kwa moyo safi kwamba namna hiyo hakuna anayeonewa. Tunamheshimu kwa nia yake, ila hapo ndipo tunapoachana naye. Biblia iliyosomwa ilikuwa tafsiri ya Mfalme James ya mwaka 1611, ya Waprotestanti. Tena kusoma Maandiko bila Kanisa kuyafafanua ni msimamo wa kidini tayari, si ukimya. Katibu aliyetambua upesi udhehebu wa Packard hakuutambua ule uliokuwa katika suluhisho lake mwenyewe.

Kwa miaka michache udhaifu huo haukuonekana sana, kwani Wakatoliki walikuwa wachache. Kisha ikaja njaa kuu ya Ireland iliyoanza mwaka 1845, na Boston ikajaa watoto wa Kikatoliki. Mwaka 1855 Bunge la jimbo, likiwa mikononi mwa chama kilichowachukia wageni, lilifanya usomaji wa kila siku wa tafsiri ile kuwa sheria. Mwezi Machi 1859, katika Shule ya Eliot mjini Boston, mtoto Thomas Whall alikataa kukariri Amri Kumi kwa namna ya Kiprotestanti, ambayo huhesabu katazo la sanamu kuwa amri ya pili, ilhali sisi hulihesabu ndani ya amri ya kwanza. Alichapwa fimbo mikononi. Mamia ya wavulana wenzake nao wakakataa, wakatolewa shuleni. Baba yake alimshtaki mwalimu, na mahakama ikamwachia mwalimu. Padre Bernardine Wiget, Mjesuiti, akawafungulia wavulana hao shule ya parokia.

Mann alifariki Agosti 2 mwaka huohuo huko Yellow Springs, Ohio, alikokuwa mkuu wa Chuo cha Antioch. Mjane wake Mary alichapisha barua zake nyingi mwaka 1865. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1862, Bunge la Massachusetts lilikuwa limekwisha kuirekebisha sheria, ili mwanafunzi asilazimishwe kusoma tafsiri inayopingana na dhamiri ya wazazi wake.