Nyimbo Ndefu za Masasi na Newala

Katikati ya mwaka 1906 Mjerumani aitwaye Karl Weule alishuka Lindi akiwa na fonografu, kamera ya picha na kamera ya sinema. Awali safari yake haikuwa ya kusini. Vita vya Maji Maji ndivyo vilivyomgeuza njia. Alitembea na wapagazi wa Kinyamwezi hadi Masasi, akakaa Chingulungulu kwa Matola, mkuu wa Wayao, kisha akapanda uwanda wa juu hadi Newala na Mahuta. Huko aliwaomba watu waimbe mbele ya pembe ya mashine yake. Sauti za Wayao, Wamakua na Wamakonde zikawa miongoni mwa sauti za mwanzo kunaswa katika ardhi ambayo leo ni Tanzania.

Tusisahau aliwakuta watu katika hali gani. Mwaka mmoja tu nyuma vita vilikuwa vimepita Masasi, na misheni ya Kianglikana ya UMCA iliyoanzishwa mwaka 1876 na Askofu Steere ilikuwa imeteketezwa. Aliyeombwa kuimba aliombwa na mtu wa upande ulioshinda. Hata hivyo waliimba. Wapagazi wa Kinyamwezi nao waliimba, na Erich von Hornbostel, msimamizi wa hifadhi ya fonogramu ya Berlin, alichapisha mwaka 1909 uchambuzi wa nyimbo zao.

Kilichowashinda wote ni nta ya silinda za fonografu. Silinda moja ilibeba dakika mbili au tatu, basi. Mwimbaji anaanza, kiitikio kinapokea, ngoma zinaanza kukolea, na mashine imefika mwisho. Anayejua jando na unyago wa kusini ataelewa hasara hiyo ilikuwa kubwa kiasi gani, kwa sababu nyimbo za huko hazikutungwa zisikike mojamoja. Zinafuatana. Upo wimbo wa mkesha kabla wali, yaani watoto wanaoingizwa jandoni au unyagoni, hawajachukuliwa, zipo nyimbo za kumbini, kambini mwao, za kufundisha na kuonya, zipo za kuwapa moyo, na zipo za siku ya kutoka, watoto wanaporudi nyumbani na nguo mpya na majina mapya. Wimbo wa kutoka ukiimbwa kabla ya wakati wake ni kosa, na manyakanga na makungwi, wasimamizi wa sherehe, hawalinyamazii.

Ndani ya mfuatano huo kila aina ya sanaa ina mahali pake. Wapigaji wanaipasha ngoma moto, wanaigonga ngozi kwa ncha za vidole, wanasikiliza, wanairudisha tena kwenye moto hadi sauti ya ndogo iachane vizuri na sauti ya kubwa. Halafu anaingia mchezaji wa midimu, uso wake ukiwa kinyago cha mti mwepesi, masewe yakilia miguuni. Weule mwenyewe alipiga picha za mcheza mironjo huko uwandani, mtu aliyesimama juu ya miti mirefu na kuwazidi kimo watazamaji wote. Mchezo, mafumbo, dua, vichekesho, kilio cha mama: yote yamo katika kisa kimoja chenye mwanzo na mwisho.

Miaka sitini baada ya Weule, vijana wa Ulaya walianza kutafuta jambo linalofanana na hili. Santuri ndefu iliwapa dakika ishirini na zaidi kwa kila upande, wakaacha kuijaza nyimbo zisizojuana. Mwaka 1969 bendi ya The Who ya Uingereza ilitoa Tommy, kisa kizima cha mtoto kilichosimuliwa kwa nyimbo. Mwaka 1974 Genesis walitoa The Lamb Lies Down on Broadway. Mwaka huohuo Queen walitoa Queen II, pande zake mbili zikiitwa Nyeupe na Nyeusi, na aliyetunga na kuimba upande wote wa Nyeusi ni Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1946. Roki ya progresivu, kama ilivyoitwa, ilichanganya gitaa la umeme, muziki wa kanisani, jazi na ngano za kale, na wakosoaji waliiona kama kitu ambacho hakijapata kuwapo. Kwa mtu wa Newala, mpya ilikuwa santuri. Wazo la kuchanganya sanaa zote katika safari moja alilikuta kwa bibi yake.

Kwa nini basi sisi hatukuwa na albamu ya namna hiyo? Sababu ni za kawaida kabisa. Bendi zetu zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo zilitoka kwa santuri ndogo za mizunguko 45, ambazo upande mmoja ulimeza dakika chache tu. Wimbo mrefu ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Kiwanda cha kuchapa santuri hatukuwa nacho, tukaitegemea Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mwaka 1977. Dansi letu lilijua kusimulia kisa, ila lilisimulia katika nafasi liliyopewa.

Ngoma nazo zilikatwa, kwa mkono wetu wenyewe. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, ngoma za makabila ziliitwa jukwaani, na sindimba ya Wamakonde ikawa maarufu kuliko zote. Nafurahi kwamba ilijulikana nchi nzima. Lakini iliyofika shuleni na uwanjani ilikuwa ya dakika kumi, imeondolewa kwenye mfuatano wake, na watu wengi wakaijua kwa kiuno peke yake.

Ajabu ni kwamba kabla ya hapo kanisa lilikuwa limeheshimu zaidi urefu wa jambo lenyewe. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, hakulipiga marufuku jando. Alilipa sura ya Kikristo: kambi ikabaki, hatua zikabaki, sala zikaingia mahali pa matambiko. Wapo waliomlaumu kwamba aliyateka mambo ya wenyeji, na lawama hiyo ina uzito. Hata hivyo alitambua kwamba huwezi kuchukua kipande kimoja na kuuacha mwili.

Katika santuri, walioikaribia ndoto ya kufuma ngoma na magitaa kuwa safari moja ndefu ni wachache kwetu. Mwingereza David Fanshawe alisafiri Misri, Sudan, Uganda na Kenya kuanzia mwaka 1969, akarekodi nyimbo na ngoma, ikiwamo bwola ya Waacholi, akazifuma pamoja na kwaya, gitaa la umeme na misa ya Kilatini. African Sanctus ilitoka kwa santuri katika miaka ya 1970. Ni kazi kubwa, lakini safari inayosimuliwa humo ni ya Fanshawe. Ninayoithamini zaidi ni Bado Kidogo ya mwishoni mwa miaka ya 1970, ambamo Patrick Balisidya wa bendi ya Afro 70 alikutana na Archimedes Badkar, kundi la Sweden lililozoea kuchanganya jazi, roki na muziki wa asili wa nchi mbalimbali. Humo mwanamuziki wa Dar es Salaam hakuwa malighafi ya mtu. Alikuja na tungo zake.

Uwanda wa Makonde bado haujapata santuri yake. Leo kikwazo cha dakika hakipo tena: simu ya kawaida inarekodi mkesha mzima. Kinachotakiwa ni ruhusa na adabu. Mambo ya kumbini yana siri, na yasiyofaa kusikika nje yabaki ndani. Wenye kuamua hilo ni wazee wa Newala na Masasi, si mtafiti wala mtayarishaji wa muziki. Lakini nyimbo za mkesha na za kutoka huimbwa hadharani, na waliozirithi kwa mpangilio wake wanazeeka. Vijana wanaotengeneza muziki Mtwara na Masasi wakae nao msimu mmoja baada ya mavuno, warekodi mfuatano wote bila kukata, kisha waingize magitaa na kinanda wapendavyo. Na hifadhi za Ujerumani ziombwe rasmi nakala za silinda za mwaka 1906, zirudi zisikilizwe Newala na watu wanaoweza kusema kila wimbo ulikuwa wa hatua gani.