Jasho la Uso Lililokithiri

JASHO LA USO LILILOKITHIRI ni hali ya mtu kutokwa na maji mengi katika paji, utosini, mashavuni, puani na juu ya mdomo, kupita haja ya mwili ya kupunguza hari yake, hata akawa hana budi kujifuta kila mara na kukatizwa katika kazi na mazungumzo yake. Neno "kupita haja" lataka hadhari, kwa kuwa mzaliwa wa Mombasa au Pemba hajui miezi ya kaskazi isiyomlowesha uso, wala hapana tabibu anayelipima jasho hilo kwa kikombe. Kipimo ni dhiki ya mwenyewe, na muda ambao dhiki hiyo imedumu, aghalabu miezi 6 au zaidi.

Mwenye hali hii huhukumiwa upesi. Mtazame bwana harusi aliyeketi mbele ya kadhi siku ya akidi, amevaa joho zito na kilemba, mkono wake wa kuume umeshikwa: tone latoka chini ya kilemba, lateremka ubavuni mwa pua, ladondoka juu ya mikono iliyoshikana, naye hawezi kulifuta maana leso imo katika mfuko wa upande ule ule. Wageni hunong'onezana kwamba ameingiwa na hofu, na lugha yenyewe huwaunga mkono, kwani tukisema fulani ametoka kijasho chembamba hatukusudii hali ya hewa. Yamkini wanasema kweli. Lakini mtu huyo huyo akiwa analowa vilevile asubuhi ya mapumziko, peke yake, kivulini, bila ya deni wala ugomvi na mtu, maelezo ya hofu hayamfai tena, na yapasa kutafuta sababu nyingine.

Mwili wa binadamu una tezi za jasho zipatazo milioni 2 hadi 4, na paji la uso ni miongoni mwa mahali zilipojazana. Amri ya kutoa jasho huanzia katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, ikashuka kwa mishipa ya fahamu isiyotii hiari yetu. Yas Kuno, mtaalamu wa Kijapani aliyetoa kitabu chake juu ya jasho la binadamu mwaka 1934, alipambanua jasho la hari, lienealo mwilini, na jasho la fadhaa, lionekanalo hususa viganjani na nyayoni. Uso, kwa bahati mbaya yake, huitikia wito wa yote mawili. Fauka ya hayo, jasho hupoza pale tu linapogeuka mvuke, na lita moja ikigeuka hivyo huchukua joto lipatalo kilokalori 580, ilhali katika hewa ya Pwani, ambayo yenyewe imekwisha kushiba maji, sehemu kubwa huchuruzika hadi kidevuni na kupotea bure, na mwenyewe akabaki na hari yake kama kwanza.

Kwa mintarafu ya sababu, matabibu hugawa hali hii mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la asili, lisilotokana na maradhi mengine: jasho hutoka pande zote mbili kwa usawa, aghalabu huanza kabla ya umri wa miaka 25, mara nyingi baba au shangazi analo pia, na mtu akilala usingizi hukoma. Alama hii ya mwisho ina thamani kuliko inavyodhaniwa, na swali lake ni jepesi: je, mto huamka umelowa? Jasho la usiku liloweshalo mto na shuka huelekeza kwingine kabisa, kama vile kifua kikuu, homa za namna nyingi na baadhi ya saratani za tezi za limfu, na mwenye nalo asikae nyumbani akijipepea.

Fungu la pili ni la jasho litokanalo na jambo jingine, nalo hujulikana kwa wakati wake na kwa wenzake linaofuatana nao. Anayekonda ilhali anakula vizuri, vidole vikitetemeka na moyo ukienda mbio, huenda tezi yake ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, hata kama rovu halijaonekana. Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi huhisi joto likipanda kutoka kifuani hadi usoni na kupita baada ya dakika chache. Mwenye kisukari anayetumia insulini, akilowa ghafla huku akitetemeka na kuona njaa, sukari yake ya damu huenda imeshuka, na kitu cha kwanza ni kumpa sukari, maswali baadaye. Jasho baridi pamoja na maumivu ya kifua ni la hospitali, saa ile ile. Dawa nazo zimo: baadhi ya zile za sonona, na zile za maumivu zenye asili ya afyuni. Na uso ukilowa nusu moja tu, mara nyingi upande mkavu ndio ulioharibika mishipa, wala si ule unaochekwa.

Lipo jasho jingine, ambalo mwandishi huyu haoni la ajabu kulishinda. Kila mtu hutoka jasho kidogo akila pilipili. Lakini wako wanaolowa shavu moja, mbele ya sikio, kwa kutafuna chakula chochote kile. Mwaka 1923 daktari wa Kipolandi, Łucja Frey, alieleza habari za mtu aliyejeruhiwa kwa risasi karibu na tezi kubwa ya mate, ambaye jeraha lake lilipokwisha kupona alianza kutoka jasho kila alapo, na Frey akatambua kwamba mshipa wa fahamu ndio wenye kosa. Nyuzi zilizokuwa zikiamrisha mate, zikiisha kukatika, huota upya na kupotea njia, zikaingia katika tezi za jasho zilizo karibu. Na kwa kuwa tezi zote mbili hupokea amri kwa kemikali moja, asetilikolini, uso hulia pale kinywa kinapotamani. Siku hizi wengi wapatao hali hiyo ni waliopasuliwa tezi hiyo ya mate. Ili kupambanua mipaka yake, ngozi hupakwa tingisha ya ayodini, ikaachwa ikauke, ikanyunyiziwa unga wa wanga, kisha mgonjwa akapewa kitu cha kutafuna: palipo na jasho hugeuka rangi ya samawati iliyokolea mfano wa wino. Frey mwenyewe, aliyekuwa Myahudi, aliangamia katika mji wa Lwów mwaka 1942, chini ya utawala wa Wanazi.

Tiba hutangulizwa na kuondoa sababu, ikiwa imeonekana. Kwa jasho la asili, dawa ya kwanza ni ya kupaka, yenye kloridi ya alumini, izibayo matundu ya tezi: hupakwa usiku juu ya ngozi iliyokauka barabara, huoshwa asubuhi, na huwekwa mbali na macho, maana huwasha. Jamaa yake ni shabu, ambayo vinyozi wetu husugua kidevuni baada ya kunyoa. Nayo ni chumvi ya alumini, illa nguvu zake juu ya jasho ni kidogo. Glaikopironiamu ya kupaka huwafaa wengi, hususa wenye jasho la kula. Vidonge kama oksibutinini hupunguza jasho la mwili mzima pamoja na mate, vikaleta kiu, kufunga choo na macho kutoona vizuri, na katika nchi ya hari mtu aliyenyimwa jasho huweza kupandwa na joto hatari. Sindano za botulinamu chini ya ngozi ya paji hukata amri ya mishipa kwa miezi kadhaa, lakini zikichomwa chini mno nyusi hulegea na kushuka. Kupunguza maji ya kunywa, kama wafanyavyo baadhi ya wenye haya, hakusaidii kitu. Leso mbili za pamba, moja ya kutumia na moja kavu, husaidia zaidi.

Upasuaji wa kukata mishipa ya simpathetiki, ambao Kotzareff aliutumia kwa jasho la upande mmoja wa uso mwaka 1920, sasa hufanywa kwa kamera ndogo ipitayo baina ya mbavu. Uso hukauka mara moja. Walakini wengi wa waliofanyiwa huanza kulowa mgongo, tumbo na mapaja, baadhi yao kuliko walivyokuwa wakilowa uso, na mshipa uliokwisha kukatwa haurudishwi kwa uhakika. Kwa hiyo daktari mwenye insafu humweleza mgonjwa habari hiyo kabla ya kisu, tena mara mbili.