Farasi wa Berlin na Somo Lake kwa Watafiti wa Elimu

Mtu anapompima mwanafunzi, ana hakika gani kwamba anachokiona ni akili ya mwanafunzi huyo, wala si matarajio yake yeye mpimaji? Swali hili lina historia ndefu, na sehemu muhimu ya historia hiyo ilianzia mjini Berlin, Ujerumani, kwa mwanafunzi asiye wa kawaida: farasi aitwaye Hans.

Mwenye farasi huyo, Wilhelm von Osten, alikuwa mwalimu wa hisabati aliyestaafu. Aliamini kwa dhati kwamba mnyama akifundishwa kwa subira kama mtoto, ataelimika. Hans alipoulizwa hesabu za kujumlisha, za sehemu, na hata tarehe, alijibu kwa kugonga ardhi kwa kwato yake. Akipatia, alipewa karoti au mkate. Watu walimiminika kumtazama, na von Osten hakuwatoza kiingilio.

Mwezi Septemba mwaka 1904, tume ya watu 13 chini ya Profesa Carl Stumpf ilitangaza kwamba haikuona udanganyifu wowote. Hata hivyo, kutoona udanganyifu si sawa na kuthibitisha kwamba farasi anajua hesabu. Hivyo uchunguzi zaidi ukakabidhiwa mwanafunzi wa Stumpf, Oskar Pfungst.

Pfungst alibadilisha jambo moja baada ya jingine. Aliwaondoa watazamaji, akabadilisha waulizaji, akamkinga farasi asimwone anayemuuliza. Kisha akafanya jaribio la kukata shauri: mtu mmoja alimnong'oneza Hans namba moja, mwingine akamnong'oneza namba ya pili, kila mmoja asijue ya mwenzake. Hans alitakiwa azijumlishe, na hapo akashindwa. Pasipo mtu mwenye kulijua jibu, farasi naye hakulijua.

Siri ilikuwa kwenye mwili wa muulizaji. Aliinama kidogo Hans alipoanza kugonga, na idadi sahihi ilipofikiwa aliinua kichwa kidogo mno, bila mwenyewe kutambua. Hapo Hans aliacha kugonga, akapata karoti yake.

Je, ina maana Hans hakujifunza chochote? La hasha. Mwaka 1898, Mmarekani Edward Thorndike alikuwa amekwisha chapisha majaribio yake ya paka waliofungiwa katika visanduku, akaeleza kuwa kitendo kinachofuatiwa na tuzo huelekea kurudiwa. Hans alijifunza kwa njia hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba mwalimu wake alidhani anamfundisha hesabu, kumbe alimfundisha kumsoma mwalimu.

Pfungst alichapisha kitabu chake mwaka 1907. Mwaka 1965 tafsiri yake ya Kiingereza ilitolewa upya kwa utangulizi wa mwanasaikolojia Robert Rosenthal, mzaliwa wa Giessen, Ujerumani, aliyehamia Marekani. Yeye na mwalimu mkuu Lenore Jacobson walilipeleka swali hilo darasani. Katika shule moja ya msingi jimboni California, waliwaambia walimu kwamba baadhi ya watoto, takriban mmoja kati ya kila watano, walikuwa karibu kuchanua kiakili. Kwa kweli watoto hao walichaguliwa kwa bahati nasibu tu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1968 yalieleza kwamba walioteuliwa walipiga hatua kubwa zaidi, hasa katika darasa la kwanza na la pili.

Utafiti huo ulipingwa vikali. Wakosoaji, akiwemo Robert Thorndike, mwana wa Edward, walisema vipimo vyake havikuaminika kwa watoto wadogo. Tafiti za baadaye zimeonesha kwamba matarajio ya mwalimu yana athari, ila kwa kawaida ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa hapo awali.

Hata hivyo, kanuni iliyotokana na ua ule wa Berlin haijatanguka: inapowezekana, anayepima asijue ni jibu gani linalotarajiwa. Kanuni hiyo humlinda mtafiti asijidanganye. Zaidi ya hayo, humlinda mtoto ambaye, kwa kuwa ni mgeni au bado hajaimudu lugha ya shule, amekwisha kuhukumiwa kuwa mzito kabla hajafumbua kinywa.