Kutoka Lovanium hadi Beni: tuzo za Profesa Muyembe zilichelewa karibu miaka 40

Mwishoni mwa mwezi wa Agosti 2019, katika mji wa Yokohama kule Japani, daktari mmoja wa Congo mwenye umri wa miaka 77 alipokea Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi. Siku hizohizo, wakaaji wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina walikuwa bado wanazika watu wao waliouawa na Ebola.

Daktari huyo ni Profesa Jean-Jacques Muyembe Tamfum, mwanafunzi wa zamani wa Chuo Kikuu cha Lovanium. Mwezi mmoja kabla ya safari ya Japani, Rais Félix Tshisekedi alimkabidhi uongozi wa mapambano dhidi ya Ebola mashariki mwa nchi. Wengi katika Kivu ya Kaskazini walisikia jina lake kwa mara ya kwanza wakati huo. Lakini kazi iliyompatia tuzo ilianza miaka 43 kabla, katika kijiji cha Yambuku. Historia yake yaonyesha namna kazi ya msomi wa Congo inavyoweza kujulikana duniani kote huku jina lake likibaki nyuma.

Nchi iliyopata uhuru bila daktari wake

Ili kuelewa uzito wa diploma ya udaktari kwa kijana wa wakati ule, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Wabelgiji waliitawala Congo miaka mingi bila kufungua chuo kikuu. Lovanium ilianza mwaka 1954, kwenye kilima karibu na Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Ilikuwa mtoto wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven, na hata jina lake ni jina la Kilatini la mji huo wa Ubelgiji. Miaka miwili baadaye serikali ya kikoloni ilifungua chuo kikuu chake kule Élisabethville, yaani Lubumbashi.

Wakati wa uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani waliokuwa na diploma ya chuo kikuu hawakuzidi 30. Kati yao hapakuwa na daktari hata mmoja. Walikuwepo wasaidizi wa madaktari, watu wenye ujuzi mkubwa waliobeba mzigo wa hospitali nyingi, lakini sheria ya mkoloni haikuwapa cheo cha daktari. Wabelgiji wengi walipokimbia katika fujo za mwaka ule, makumi ya wasaidizi hao walipelekwa Ufaransa kumalizia masomo ili warudi wakiwa madaktari kamili.

Muyembe alizaliwa mwaka 1942 katika eneo la Bandundu, katika familia ya wakulima, na alisoma katika shule za Wajesuiti. Aliingia Lovanium mwaka 1962, akamaliza udaktari mwaka 1969. Mwaka huohuo, tarehe 4 Juni, wanafunzi wa Lovanium waliandamana Kinshasa na askari wa Mobutu wakawapiga risasi. Miaka miwili baadaye serikali iliunganisha vyuo vikuu vyote vitatu vya nchi kuwa kimoja, UNAZA, na jina la Lovanium likafutwa. Kilima kile leo ni cha Chuo Kikuu cha Kinshasa, UNIKIN.

Wakati hayo yakitokea, Muyembe alikuwa Leuven akisomea virusi. Alipata udaktari wa falsafa mwaka 1973. Angeweza kubaki Ulaya, lakini alirudi kufundisha Kinshasa, ambako vifaa vya maabara vilikuwa haba. Kwa sababu hiyo kazi yake kubwa ikawa kwenda penye ugonjwa.

Yambuku, 1976

Mnamo Septemba 1976 habari zilifika Kinshasa kwamba katika misioni ya Kikatoliki ya Yambuku, jimbo la Équateur, watu wanakufa kwa homa isiyojulikana. Muyembe alitumwa kwenda kuangalia. Mwanzoni ugonjwa ulidhaniwa kuwa homa ya matumbo au homa ya manjano.

Alipochukua damu ya wagonjwa aliona jambo la ajabu: alipochomoa sindano, damu iliendelea kutiririka bila kuganda, ikamchafua vidole. Hakuwa na glavu. Alinawa kwa maji na sabuni tu. Alipasua pia maiti ili kupata kipande cha ini cha kupimwa. Kwa namna tunavyoijua Ebola leo, kupona kwake ni bahati kubwa sana.

Sista mmoja Mbelgiji aliyekuwa na homa alisafirishwa kutoka Yambuku hadi Kinshasa, akafariki huko. Damu yake iliwekwa ndani ya chupa ya chai, ikatumwa kwa ndege hadi Antwerp. Kutoka hapo sampuli zilifika Porton Down kule Uingereza na Atlanta kule Marekani. Wataalamu waliona virusi vipya, na vikapewa jina la mto Ebola unaopita katika eneo hilo.

Mlipuko wa Yambuku ulihesabiwa kuwa na wagonjwa 318, na 280 kati yao walikufa. Katika hospitali ya misioni, wafanyakazi 11 kati ya 17 walifariki. Sindano chache zilitumika kwa wagonjwa wengi bila kuchemshwa vizuri, na hilo ndilo lililosambaza ugonjwa.

Mwaka 1977 ripoti za kwanza za kisayansi zilitoka zikiwa na majina ya wataalamu wa Antwerp, Porton Down na Atlanta. Jina la Mkongomani aliyegusa damu ile kwa mikono mitupu halikuwemo. Kwa miaka mingi, vitabu na magazeti yalisimulia kwamba Ebola iligunduliwa na Wazungu. Wataalamu hao walifanya kazi ya kweli, kwa kuwa ndio waliokuwa na darubini za kuona virusi. Lakini simulizi lilianzia pale chupa ilipofunguliwa Antwerp, na watu wa Yambuku na daktari aliyewafikia wakabaki pembeni.

Kikwit, 1995: damu ya waliopona

Ebola ilirudi Kikwit mwaka 1995, katika jimbo alikozaliwa Muyembe. Safari hii ilikuwa katika mji mkubwa. Wagonjwa 315 walihesabiwa, watu wapatao 250 walikufa, na robo ya wagonjwa walikuwa wafanyakazi wa afya. Muyembe aliongoza kamati iliyokutanisha madaktari wa nchi na wageni.

Hapo alichukua uamuzi ambao wageni wengi hawakuupenda. Pamoja na madaktari wenzake wa Congo aliongezea wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. Wazo lilikuwa rahisi: aliyepona ana kingamwili ndani ya damu yake, na huenda zikamsaidia mwingine. Wagonjwa 7 kati ya 8 walipona.

Wataalamu wa nje walisema idadi hiyo ni ndogo mno, na kwamba labda wagonjwa hao wangepona hata bila damu. Kisayansi swali lao lilikuwa halali. Lakini wazo halikufa. Mwaka 2006 mtu mmoja aliyepona Ebola ya Kikwit alitoa damu yake, na ilionekana kwamba baada ya miaka 11 ilikuwa bado na kingamwili. Taasisi ya kitaifa ya utafiti wa tiba ya Congo, INRB, ambayo Muyembe aliiongoza tangu 1998, ilifanya kazi na wataalamu wa taasisi za afya za Marekani. Kutokana na damu hiyo walitengeneza dawa iliyoitwa mAb114.

Beni na Butembo

Sehemu inayofuata wasomaji wa Kivu ya Kaskazini na Ituri wanaijua kuliko mtu yeyote. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola Mangina, katika eneo la Beni. Mpaka mwisho wake tarehe 25 Juni 2020, mlipuko huo ulikuwa na wagonjwa 3470, na watu 2287 walikufa. Vituo vya matibabu vilishambuliwa. Wakaaji waliochoshwa na mauaji ya miaka mingi waliuliza mbona dunia imekuja kwa ajili ya Ebola na si kwa ajili ya visu na bunduki.

Katikati ya shida hiyo, mnamo Novemba 2018, majaribio ya dawa nne yalianza Beni, kisha yakaenda hadi Butembo, Katwa na Mangina. Wagonjwa waligawanywa kwa kura, kila kundi likapewa dawa moja. Mmoja wa viongozi wa majaribio hayo alikuwa Dkt. Sabue Mulangu wa INRB, na jina lake ndilo la kwanza kwenye ripoti iliyochapishwa katika jarida la New England Journal of Medicine mwaka 2019. Tukilinganisha na ripoti za 1977, ni badiliko kubwa.

Mnamo Agosti 2019 matokeo yalikuwa wazi kiasi kwamba dawa mbili ziliachwa. Mbili zilizobaki ni REGN-EB3 na mAb114. Kati ya waliopewa mAb114, karibu 35 kwa mia walikufa, wakati kwa dawa zilizoachwa walikufa karibu nusu. Waliofika mapema kituoni, virusi vikiwa bado kidogo katika damu, walipona wengi zaidi. Kwa mara ya kwanza iliwezekana kumwambia mgonjwa wa Ebola kwamba tiba ipo. Mwezi Desemba 2020 Marekani iliidhinisha mAb114 kwa jina la Ebanga.

Tuzo zafika

Tuzo kubwa zilianza kumfikia Muyembe mwaka 2015, wakati dunia ilipotishwa na Ebola ya Afrika Magharibi. Mwaka huo alipata tuzo ya Christophe Mérieux kule Ufaransa na tuzo ya Afrika ya Royal Society ya Uingereza. Alikuwa na miaka 73. Kisha ikaja ya Japani mwaka 2019, aliyoipokea mwaka mmoja na daktari Francis Omaswa wa Uganda. Mwaka huohuo jarida la Nature lilimweka kati ya watu 10 wa mwaka katika sayansi.

Miezi tisa kabla ya Yokohama, mtoto mwingine wa Congo alikuwa amesimama Oslo. Tarehe 10 Desemba 2018, Dkt. Denis Mukwege wa Bukavu alipokea tuzo ya Nobel ya amani. Yeye alisoma udaktari Burundi, kisha magonjwa ya wanawake Angers kule Ufaransa, na akarudi. Njia zao ni tofauti, lakini zinafanana kwa jambo moja: wote wawili walikwenda mbali kutafuta ujuzi, kisha wakafanya kazi yao kubwa penye shida, Mukwege Panzi, Muyembe Yambuku na Kikwit. Na kwa wote wawili, heshima kubwa ilitoka ng'ambo.

Damu ibaki wapi?

Baada ya tuzo, Muyembe hakuacha kuzungumzia chupa ile ya 1976. Amesema wazi kwamba sampuli za Ebola zinazochukuliwa Congo sasa zibaki Congo, na mgeni anayetaka kuzichunguza aje kufanya kazi na Wakongomani. Kwa hilo panahitajika maabara. Kwa msaada wa Japani, INRB ilipata jengo jipya Kinshasa, na Goma nako kuna maabara yake yenye jina la Rodolphe Mérieux. Mwaka 1976 jibu la Yambuku lilipaswa kutafutwa Ulaya na Marekani. Katika mlipuko wa Beni, vipimo vilifanywa papo hapo mashariki mwa nchi.

Bado yapo maswali. Haki ya kutengeneza na kuuza Ebanga ilipewa kampuni ya Marekani, ijapokuwa dawa ilitoka katika damu ya mtu wa Kikwit na ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Beni na Butembo. Jina la Muyembe limerudi mahali pake. Lakini wauguzi wa Yambuku, wale wa Kikwit, na vijana wa Beni na Butembo waliobeba wagonjwa huku wakipigwa mawe, wengi wao hawamo katika ripoti yoyote wala hawakupanda jukwaa lolote.

Wanafunzi wa udaktari wa Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani, Bukavu, Goma na Butembo wanasoma leo katika hali ngumu: vita, walimu wanaodai mishahara, vifaa vichache. Lovanium ya 1962 nayo ilikuwa katika nchi yenye vita, na kijana wa wakulima alitoka humo na ujuzi uliookoa watu wa Mangina miaka 50 baadaye. Kilichomkosesha haki yake mwaka 1976 ni kwamba damu aliyoichukua yeye iliandikiwa ripoti na wengine. Ndiyo maana kwa wanafunzi hawa, kujifunza kuandika na kuchapisha kile walichokiona kwa mgonjwa ni sehemu ya kazi sawa na kujifunza kushika sindano.