Kila Mwamba Ngoma

Maharage yangu yaliungua kwa sababu ya tekno. Ilikuwa Machi 2024, kwenye jiko tunalolitumia wanafunzi wanne huku Berlin. Mwenzetu Mjerumani aliingia na habari mpya: utamaduni wa tekno wa Berlin umeingizwa kwenye orodha ya Ujerumani ya urithi wa utamaduni usioshikika, ile inayofuata mkataba wa UNESCO. Alikuwa na furaha ya mtu ambaye timu yake imetwaa kombe. Mezani alikuwepo jirani yetu wa ghorofa ya juu, mzaliwa wa Detroit, Marekani, ambaye hushuka kwetu kila anapoishiwa chumvi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Urithi wa nani?"

Ubishi uliofuata ulikwenda mpaka saa sita usiku.

Mimi nilikuwa upande wa Mjerumani, tena bila kufikiri. Nimesoma historia tangu shahada ya kwanza, na muhula uliotangulia nilikuwa nimesimama mbele ya darasa la uzamili nikauita tekno muziki wa Kijerumani. Hakuna aliyenisahihisha. Kwa hiyo jirani alipoanza kutaja majina, miaka na anwani za mitaa, nilisahau kwamba kuna chungu motoni.

Hakuanzia kwao Detroit. Alianzia Chicago, mtaa wa South Jefferson, namba 206. Mwaka 1977 Robert Williams alifungua hapo klabu iliyojulikana kama The Warehouse, yaani ghala, akamleta kijana wa New York, Frankie Knuckles, awe dijei wake. Wengi walioingia humo walikuwa vijana Weusi na Walatino, na wengi wao walikuwa wapenzi wa jinsia moja, watu ambao kumbi nyingine za mji hazikuwataka. Knuckles alichanganya disko, soul na muziki wa vinanda vya umeme kutoka Ulaya, akazirefusha nyimbo kwa kukata na kuunga kanda ili mchezaji asipate nafasi ya kwenda kukaa. Jina la hausi linasemekana limetoka kwenye jina la klabu hiyo: wateja walikwenda kwenye maduka ya santuri kuulizia muziki wa Warehouse, na jina likafupishwa. Wengine wanakataa. Wanasema ni muziki uliotengenezwa nyumbani, ndiyo maana ukaitwa wa nyumba. Yaani kabla hujafika hata kwenye wimbo wa kwanza, watu wameshaanza kubishana.

Halafu kuna usiku wa tarehe 12 Julai 1979. Katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, mji huohuo wa Chicago, mtangazaji wa redio Steve Dahl alilipua rundo la santuri za disko katikati ya mechi mbili. Aliyekuja na santuri ya kulipuliwa aliingia kwa senti 98. Makumi ya maelfu walijaa, maelfu wakavamia uwanja, na mechi ya pili haikuchezwa. Ushindi wa mezani ukapewa timu ya wageni, Detroit Tigers. "Hata siku hiyo Detroit ilishinda," jirani alisema, na hiyo ndiyo mara pekee tuliyocheka pamoja usiku ule.

Mmoja wa vijana waliokuwa wakiwaonyesha watazamaji viti vyao siku hiyo ni Vince Lawrence. Amesimulia baadaye kwamba santuri nyingi alizoona zikiletwa hazikuwa za disko hata kidogo; zilikuwa tu za wanamuziki Weusi. Miaka mitano baadaye, mwaka 1984, Lawrence na Jesse Saunders walitoa "On and On", ambayo wengi huitaja kuwa santuri ya kwanza ya hausi. Kijana aliyesimama uwanjani akitazama muziki wa watu wake ukilipuliwa alikwenda kutengeneza mwingine.

Kutoka Chicago hadi Detroit ni safari ya saa nne au tano kwa gari. Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson walisoma pamoja Belleville, mji mdogo nje ya Detroit. Usiku walimsikiliza mtangazaji aliyejiita The Electrifying Mojo, ambaye angeweza kupiga Parliament, Prince na Kraftwerk katika kipindi kimoja bila kuomba radhi. Mji wao mkubwa ulikuwa umejengwa na viwanda vya magari, na viwanda hivyo vilikuwa vikipunguza watu. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na wakazi takriban milioni 1.85, mwaka 2010 walibaki takriban 714,000. Mashine zilichukua kazi za wazee, vijana nao wakazichukua mashine wakazifanya ngoma.

Hata hivyo, muziki wao ungeweza kabisa kuitwa hausi hadi leo. Walikwenda Chicago, walisikiliza, walibadilishana vifaa. Inasimuliwa kwamba Derrick May ndiye aliyemuuzia Frankie Knuckles mashine ya ngoma ya Roland TR-909. Mwaka 1988, Mwingereza Neil Rushton alipokusanya nyimbo za vijana wa Detroit ili zitolewe London, jina lililopangwa lilikuwa la hausi ya Detroit. Juan Atkins alileta wimbo alioupa jina "Techno Music", na mkusanyiko ukabadilishwa jina ukatoka kama Techno! The New Dance Sound of Detroit. Wimbo wake uliovuma kuliko yote, "Big Fun" wa Inner City, kundi la Saunderson, uliimbwa na Paris Grey, mwanamke kutoka Chicago. Leo mashabiki wanaweza kukesha wakibishana wapi hausi inaishia na wapi tekno inaanzia. Mpaka wenyewe uliwekwa, kwa sehemu kubwa, siku walipotafuta jina la kuandika kwenye jalada.

Hapo ndipo Mjerumani wetu alipopata pumzi. Kraftwerk ni wa wapi, kama si Düsseldorf? Na "I Feel Love" ya mwaka 1977, ule wimbo wa Donna Summer ambao karibu kila kitu ndani yake isipokuwa sauti kinatoka kwenye mashine, haukutengenezwa na Giorgio Moroder na Pete Bellotte mjini Munich? "Detroit ilikopa kwetu," alisema. "Sisi tulichukua chetu kilichorudi."

Nilidhani amemaliza kesi. Jirani hakubisha. "Ni kweli," alisema. "Na Juan Atkins hajawahi kuficha kwamba aliwasikiliza Kraftwerk. Sasa niambie, kabla ya usiku huu wewe ulikuwa unamjua Juan Atkins?"

Mjerumani alinyamaza. Nami nilinyamaza, kwa sababu swali lile lilinihusu zaidi kuliko yeye. Ndipo tukasikia harufu.

Majuma yaliyofuata nilijifungia maktaba, kwanza kwa aibu, kisha kwa shauku. Nilitarajia kukuta historia ya wizi. Nilichokikuta hakikuwa rahisi kiasi hicho. Ukuta ulipoanguka Novemba 1989, upande wa mashariki wa Berlin ulikuwa na majengo mengi matupu ambayo hakuna aliyejua kwa uhakika ni ya nani. Machi 1991, Dimitri Hegemann na wenzake walifungua klabu kwenye vyumba vya chini vya kuhifadhia fedha vya duka kubwa la zamani la Wertheim, karibu na Potsdamer Platz. Wakaiita Tresor, yaani sefu. Santuri ya kwanza ya lebo yao ilikuwa X-101, kazi ya Underground Resistance, kundi la Detroit la Mike Banks na Jeff Mills. Mwaka 1993 walitoa mkusanyiko ambao jalada lake lilitangaza waziwazi muungano wa Berlin na Detroit.

Kwa maneno mengine, Berlin ya mwaka 1991 ilijua imekopa kwa nani, na iliandika jina la aliyeikopesha kwenye santuri. Kusahau kulikuja baadaye, wakati muziki ulipokuwa biashara ya utalii, na sisi wageni tukaukuta umeshakuwa sehemu ya mji kama mnara wa televisheni. Hakuna aliyenidanganya kwamba tekno ni ya Kijerumani. Niliikuta hapa, nikadhani imezaliwa hapa.

Hii ndiyo sababu nimeacha kuucheka ubishi wa mashabiki. Wahenga walisema kila mwamba ngoma huvutia kwake, na ndivyo ilivyo: wa Chicago anavuta, wa Detroit anavuta, wa Berlin anavuta. Lakini kwa miaka mingi muziki huu haukuwa na makumbusho wala profesa. Uliwekwa na watu waliokumbuka nani alipiga nini, wapi, mwaka gani, na waliokuwa tayari kumkatiza mgeni jikoni ili kumsahihisha. Jengo la The Warehouse lilitangazwa rasmi kuwa alama ya kihistoria ya Chicago mwaka 2023, miaka tisa baada ya Frankie Knuckles kufariki. Serikali ya mji ilifika mwishoni. Waliotangulia walikuwa wabishi.

Ubishi huo una upofu wake pia. Jambo moja lililowapatanisha wenzangu wawili jikoni lilikuwa kuilaumu leo. Sasa hivi tekno ina haraka mno, walisema. Watoto wanakuja klabu kupiga picha. Hausi imegeuzwa muziki wa matangazo ya nguo. Beyoncé alipotoa Renaissance mwaka 2022, mmoja alifurahi kwamba hausi imerudi kwa wenyewe, mwingine akasema imeuzwa. Nilisikiliza nikafikiria Roland TB-303. Mashine hiyo ilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili impigie besi mpiga gitaa asiye na mwenzake. Haikuuzika, uzalishaji ukasimamishwa. Vijana watatu wa Chicago waliojiita Phuture walipata moja iliyotumika, wakaanza kuzungusha vitufe wakati inalia, na mwaka 1987 wakatoa "Acid Tracks". Kwa mwongozo wa kiwandani, walikuwa wanaitumia vibaya. Zamani ile tunayoiita halisi ilikuwa ya watu waliovunja kanuni za waliowatangulia.

Kwa hiyo sidhani swali ni zamani au sasa. Swali ni deni. Mwaka 2020 Larry Heard na Robert Owens, watu walioipa hausi baadhi ya nyimbo zake nzuri kuliko zote, waliishtaki lebo ya Trax ya Chicago wakidai mirabaha ya kazi za miaka ya 1980. Shauri lilimalizika kwa makubaliano mwaka 2022, na haki za nyimbo zao zikarudi mikononi mwao. Zaidi ya miaka thelathini ilikuwa imepita. Dawa ya deni kulipa, na malipo huanza kwa kujua unadaiwa na nani.

Ningeishia hapo, nikiwa hakimu wa deni la watu wengine. Lakini jioni moja ya mwezi wa tano, Mjerumani aligonga mlango wangu akiwa na santuri mkononi. Alitaka kulipa, nadhani, kwa njia yake. Ilikuwa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli uliotolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Akanitajia Sisso, Jay Mitta, Duke, Bamba Pana. Akaniuliza kama Mburahati ni mbali na kwetu.

Nimekulia Magomeni. Mburahati ni pua na mdomo. Sijawahi kukanyaga studio hiyo, na kati ya majina manne aliyoyataja nilikuwa nalijua moja. Nyumbani singeli ilikuwa muziki wa wahuni, wa vigodoro vya kukesha mtaani, ambao mama alikuwa akitufungia madirisha tusiusikie. Nilipokuja Ulaya sikuwahi kuutaja mbele ya mtu. Sasa muziki huo wenye mapigo yanayovuka 200 kwa dakika uko kwenye rafu za maduka ya santuri ya Berlin, na nikafikiria mwanafunzi mmoja mwaka 2050, amesimama mbele ya darasa akisema kwa kujiamini kwamba ni muziki wa Ulaya. Hakuna atakayemsahihisha, kama sisi tuliokulia jirani nao hatukuandika kitu.

Usiku ule nilimpigia kaka yangu, ambaye alikuwa akitoroka kwenda kwenye hivyo vigodoro.

"Kaka, singeli ilianzia wapi?"

"Mdogo wangu, huko Ujerumani wanakufundisha nini?" Alicheka kwanza. "Manzese. Hata mtoto mdogo anajua, ni Manzese."

Nyuma yake nikasikia sauti ya mtu mwingine aliyekuwa amekaa naye kibarazani. "Wee, acha kumdanganya mtoto wa watu. Tandale! Na kabla ya hapo ilikuwa mchiriku. Mwulize alikuwa wapi wakati huo."

"Tandale ipi? Nani alikuwa Tandale?"

Majina yakaanza kumwagika: ya mtu aliyekuwa na kinanda, ya mwenye spika, ya kijana aliyeshika maiki kwa mara ya kwanza kwenye sherehe ya unyago. Walikuwa wamenisahau kabisa. Niliongeza sauti ya simu, nikaiweka juu ya meza, nikachukua kalamu.