Kusi, Ziwa Nyasa na Nyangumi wa Pwani

Wilaya ya Rungwe haipakani na bahari. Mtu wa Tukuyu atakaye kuiona Bahari ya Hindi hana budi asafiri takriban kilomita 900 mpaka Dar es Salaam, na wazee wengi wa milimani kwetu waliishi wakafa pasipo kuonja chumvi ya maji yake. Nyangumi walimjua kwa habari ya Nabii Yona tu, baada ya wamisionari wa Kimoravia na wale wa Berlin kuingia katika nchi hii mwaka 1891 na kuanza kuyasimulia Maandiko. Walakini naamini kwamba tarihi ya nyangumi wa pwani si habari ngeni kwa mtu wa Rungwe, kwa kuwa pepo za kusini-mashariki, ambazo watu wa pwani huziita kusi, na ambazo zina mkono mkubwa katika maisha ya mnyama huyo, haziishii ufukoni, bali hupanda bara mpaka zikatufikia sisi.

Zamani, kabla Kyela haijafanywa wilaya peke yake, mpaka wa Rungwe ulishuka hadi kwenye maji ya Ziwa Nyasa, na serikali ya Wadachi yenyewe ilikaa kwanza ufukoni, mahali palipoitwa Langenburg, kabla ya kuhamia milimani panapoitwa Tukuyu leo. Tangu mwezi wa Aprili hivi mpaka Septemba upepo wa kusini-mashariki, uitwao Mwera na watu wa ziwani, huvuma juu ya ziwa hili refu, ukachukua unyevu wake, ukaja ukagonga safu ya Livingstone na mlima Rungwe wenye kimo cha karibu mita 2,960, ukapanda, ukapoa, ukaiachia nchi mvua; ndiyo sababu Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na migomba na chai yetu haikosi maji. Lakini upepo huo una kazi ya pili, isiyoonekana kwa aliye mlimani. Ziwa Nyasa lina kina cha karibu mita 700, na chini ya mita 250 hivi hakuna hewa ya kuvuta kiumbe. Huko ndiko inakozama mabaki ya kila kilichokufa, na rutuba yote hukaa gizani bila ya kumfaa yeyote. Mwera husukuma maji ya juu, yaliyo moto, kuja upande wetu wa kaskazini, na maji baridi ya chini hupanda kule kusini kushika nafasi yake, nayo huja na rutuba ile. Hapo huota vijimea vidogo visivyoonekana kwa jicho, vikaliwa na vijidudu, na vijidudu vikaliwa na samaki wadogo waitwao usipa. Na wale inzi wa ziwani, ambao hupanda angani kwa mawingu mazito kama moshi hata watu wakawakamata na kuwakanda mikate, nao ni zao la rutuba hiyo hiyo.

Hali ya baharini ni hiyo, ila kwa kipimo kikubwa mno. Kusi linapovuma sambamba na pwani ya Somalia katikati ya mwaka, maji ya juu hutengwa na ufuko, na maji baridi yenye rutuba huibuka kwa nguvu ambayo ni nadra kupatikana penginepo ulimwenguni. Samaki wadogo hujaa, na wakubwa wakawafuata. Nyangumi mwenye kichwa kikubwa cha mraba, yule atoaye ambari, yeye hutafuta ngisi wa vilindini, basi hupendelea mahali ambapo sakafu ya bahari inateremka ghafla. Mahali pa namna hiyo hapakosekani kwetu: mkondo baina ya Pemba na Mrima una kina cha mita 800 hivi, na mnyama huyu huweza kupiga mbizi kuzidi kina hicho.

Kwa ajili ya ambari yake, nyangumi huyu aliingia katika vitabu vya wanavyuoni karne nyingi kabla ya jina la Rungwe kuandikwa na yeyote. Al-Masudi, mwanatarihi wa Baghdad, alisafiri kutoka kisiwa cha Qanbalu, ambacho wengi hukidhania kuwa Pemba, kwenda Oman mwaka 916, naye aliandika kwamba ambari iliyo bora kuliko zote hupatikana katika pwani ya Zanj, yaani mwambao wetu huu. Alidhani kwamba huota chini ya bahari mfano wa uyoga, kisha samaki mkubwa huimeza ikamuua, naye akielea maiti watu humvuta kwa kulabu na kamba na kumpasua tumbo. Sababu aliigeuza kinyume, maana ambari haitoki nje kuingia tumboni, bali hufanyika ndani ya matumbo ya nyangumi kuzunguka midomo migumu ya ngisi isiyosagika. Lakini sifa ya kweli anastahili, kwa kuwa aliuliza mabaharia na kuandika walichokiona, na walichokiona, yaani ambari kutolewa tumboni mwa mnyama, kilikuwa sahihi. Kwa karne nyingi watu wa mwambao waliokota vipande vilivyotupwa na mawimbi, wakaviuza kwa wafanya manukato na matabibu wa Uarabuni na Hindi, na sioni kwamba biashara hiyo ilimdhuru nyangumi hata mmoja.

Madhara yalikuja kwa mafuta. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa Kimarekani, Richard Waters, akafika Unguja. Watu hukumbuka zaidi nguo za merikani, pembe za ndovu na sandarusi, lakini bandarini hapo hapo zilitia nanga pia merikebu za wawindaji wa nyangumi kutoka New England, kutafuta maji, matunda na kuni. Mafuta ya kichwa cha nyangumi yalitengenezwa mishumaa safi isiyofuka moshi, na yale ya mwilini yaliwaka katika taa za miji na kulainisha mashine za viwanda. J. Ross Browne, kijana aliyejiandikisha kuwa baharia katika merikebu ya namna hiyo mwaka 1842, aliiacha alipofika Unguja, na kitabu alichokitoa mwaka 1846 kinaeleza jinsi mabaharia walivyodhulumiwa katika kazi hiyo. Ni kitabu chenye uchungu, nami nakiheshimu, ijapokuwa uchungu wake ni wa wanadamu peke yao.

Mafuta ya taa yalipopatikana ardhini, Pennsylvania mwaka 1859, ilidhaniwa kuwa nyangumi atapumua. Kumbe zilikuja meli za mvuke na mizinga yenye chusa, na zamu ikawa ya nyangumi wa nundu. Huyu haji kwetu kutafuta chakula. Chakula chake ni uduvi wa bahari ya barafu ya Antaktika, na anaposafiri kuja pwani yetu, tangu Julai mpaka Novemba hivi, hufunga, akaishi kwa mafuta ya mwili wake. Limvutalo ni uvuguvugu wa maji na utulivu wa kando ya miamba, ambamo mama huweza kuzaa na kunyonyesha mtoto wa urefu wa mita nne. Watu wa Kyela hawatashangaa, maana samaki aitwaye mbasa naye huacha ziwa lenye chakula wakati wa mvua akapanda mito kwenda kutaga. Tabia hiyo humweka mnyama mahali panapojulikana, kwa majira yanayojulikana, na adui yake akijua kuhesabu miezi hana haja ya kumtafuta. Durban ilianza uwindaji mwaka 1908 na haikuacha mpaka 1975, na kusini kabisa meli zilizokuwa viwanda vyenyewe zilifanya kazi mchana na usiku. Katika karne ya 20 waliuawa nyangumi wa nundu zaidi ya 200,000 katika nusu ya kusini ya dunia. Marufuku ilitolewa mwaka 1963, wakati waliosalia walikuwa wachache wa kuhuzunisha.

Mwaka 1979, kwa ombi la Shelisheli, Bahari ya Hindi ilitangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi, na wale wa nundu watokao Antaktika wameongezeka hata wavuvi wa Unguja na Mafia huwaona wakiruka kila msimu wa kusi. Lakini wako wengine wa jinsi hiyo hiyo ambao hawasafiri. Hao hukaa katika Bahari ya Arabu mwaka mzima, wakala hapo na kuzaa hapo, kwa sababu rutuba inayoinuliwa na kusi kando ya Oman huwatosha, na hivyo hawana haja ya barafu ya kusini. Mwezi wa Novemba 1966 meli za Kisovieti ziliwakuta, na kwa siku chache zikaua zaidi ya 200 kwa siri. Hesabu iliyofanywa Oman miaka mingi baadaye iliwapata chini ya 100, na hawana ndugu wa kutoka mbali wa kuja kujaza nafasi zao. Wanapita sasa katika njia za meli kubwa za mafuta na nyavu za wavuvi, katika maji yale yale ambayo kusi huwalishia kila mwaka, na wanaowahesabu huko Oman, Salala na Masira, wanawajua karibu wote, mmoja mmoja, kwa alama za mikia yao.